Kusokota sigara kwa mkono katika unyevu wa Mombasa: mwongozo kamili

Misokoto mingi inayoharibika Mombasa huharibika kabla karatasi haijaguswa. Mtu hufungua mfuko wa tumbaku barazani huku upepo wa bahari ukivuma, akachota bonge lililoshika maji, akalikandamiza kwenye karatasi, akakunja, akalamba na kuwasha. Huvuta mpaka mashavu yakabonyea, na moshi hauji. Lawama zote huviangukia vidole. Huambiwa hana mkono wa kusokota. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Kazi yenyewe iko mahali pawili: kuiandaa tumbaku, na kuipa umbo la mviringo wakati karatasi ingali wazi. Kukunja na kulamba, ambako ndiko wanafunzi wengi hukuogopa, ni jambo la sekunde chache, na hujiendea lenyewe iwapo hayo mawili yamefanywa sawasawa.

Niseme wazi mapema: mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye tayari anavuta. Mitaani imeenea dhana kwamba sigara ya kusokota ni ya asili, kwa hiyo ni nyepesi kwa mapafu kuliko ya kiwandani. Si kweli. Moshi wake una lami, nikotini na kaboni monoksidi vilevile, na msokoto unaozimika kila mara humfanya mvutaji avute kwa nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wasioiacha. Kama hujaanza kuvuta, usianzie hapa. Kama unajaribu kuacha, kusokota mwenyewe hakutakusaidia. Nenda kituo cha afya ukazungumze na daktari.

Vifaa

Vifaa ni vichache: tumbaku iliyokatwa nyuzi nyembamba, karatasi, filta ukitaka, na kitu bapa cha kufanyia kazi. Sinia dogo la bati latosha, au jalada gumu la daftari. Mezani moja kwa moja hapafai, maana tumbaku inayomwagika hurudi kwenye karatasi na mchanga wake, na Mombasa mchanga hauishi.

Karatasi ndizo zinazowachanganya watu. Dukani wengi huziita rizla zote, hata kama pakiti ina jina jingine. Fupi za kawaida zina urefu wa milimita 70 hivi. Ndefu hufika milimita 108 hadi 110. Anza na fupi. Ndefu huonekana za kifahari, lakini kadiri karatasi inavyorefuka ndivyo inavyokuwa vigumu kuisawazisha tumbaku kutoka mwisho hadi mwisho. Tazama pia unene. Zile nyembamba kabisa, za gramu 12 hivi kwa mita ya mraba, huungua polepole na hazina ladha ya karatasi, ila jasho la vidole huzilowesha mara moja nazo huchanika. Kwa mkono unaojifunza, tena katika joto la huku, chukua zilizo nene kidogo, gramu 18 hadi 20 na kitu. Hizo nyembamba utazifikia baadaye.

Mstari wa gundi kwenye ukingo wa karatasi kwa kawaida ni utomvu wa mgunga. Sudan ndiyo inayojulikana zaidi duniani kwa utomvu huo, na hapa Kenya hukusanywa kaskazini: Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit. Utomvu huu huyeyuka kwa maji, ndiyo maana ulimi unatosha kuuamsha. Kwa sababu hiyohiyo pakiti iliyokaa mfuko wa shati siku nzima Mombasa hutoa karatasi zilizogandana. Hewa yenyewe imeshazilamba. Zitie kwenye kikopo chenye kifuniko kinachobana, mbali na tumbaku, kwani tumbaku nayo ina unyevu wake.

Filta za kusokotea huuzwa kwa kipenyo cha milimita 6 au 8. Ya 6 ni rahisi zaidi kwa karatasi fupi. Wengine hukata ukanda wa kadi nyembamba na kuukunja uwe bomba dogo. Hilo halichuji chochote, huzuia tu tumbaku isiingie mdomoni na kuupa msokoto mahali pa kushikwa. Hata filta ya kweli haiondoi madhara ya moshi. Faida yake kwa mwanafunzi ni moja: humpa kipimo cha unene, na mviringo wa kuanzia.

Tumbaku na maji yake

Hapa ndipo pa kutumia muda. Tumbaku ya kusokota iliyo katika hali nzuri huwa na maji takriban asilimia 18 hadi 20 ya uzito wake. Ikizidi hapo, nyuzi hushikana, hewa haipiti, moto hufa. Ikipungua sana, nyuzi huvunjika kuwa vumbi, moshi huwa mkali kooni na cheche hudondoka.

Mombasa ina pande zote mbili kwa siku moja. Nje hewa ni nzito mwaka mzima, na masika ya Aprili hadi Juni huizidisha, kisha vuli za Oktoba hadi Desemba huja na zake. Lakini ingia ofisini kwenye kiyoyozi, uache mfuko wazi juu ya dawati mpaka wakati wa chakula cha mchana, na tumbaku ileile iliyokuwa imelowa asubuhi sasa inalia kama majani makavu. Kwa hiyo usiniulize tumbaku gani ni nzuri kabla hujaniambia imekaa wapi.

Kipimo hakihitaji chombo. Chukua pinchi kati ya kidole gumba na cha shahada, ibane kwa muda wa pumzi moja, kisha iachie kiganjani na uitazame. Ikifunguka polepole, nyuzi zikijitenga zenyewe, iko tayari. Ikibaki bonge lenye alama za vidole vyako, ina maji mengi. Ikitoa sauti ya kuvunjika na kukuachia vumbi la kahawia kwenye mikunjo ya vidole, imekauka. Rudia kipimo hiki kila ufunguapo mfuko, hata kama ulipima jana.

Iliyolowa itandaze nyembamba juu ya karatasi safi, kivulini, ndani ya nyumba, na feni usiielekeze huko. Dakika 15 hadi 20 hutosha mara nyingi. Igeuze katikati ya muda. Usiianike juani wala kuisogeza karibu na jiko. Jua la saa sita Mombasa hukausha sehemu ya juu mpaka ikawa unga huku ya chini ingali mbichi, na ukishafika hapo hakuna usawa tena.

Iliyokauka ni ya kubembeleza. Itie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, lowesha kipande kidogo cha pamba safi kwa maji ya kunywa, ukikamue mpaka kisidondoshe, kisha kiweke ndani ya kifuniko kidogo ili kisiguse tumbaku. Funga kwa saa chache, fungua, pima. Kuna wanaotia ganda la chungwa au kipande cha kiazi. Katika hewa ya pwani siwashauri: ganda huleta ukungu kabla tumbaku haijalainika vizuri. Ukiona utando mweupe au wa kijivu, au ukisikia harufu ya stoo iliyofungwa, tupa yote. Usichague iliyo nzuri ukaacha mbaya. Kuvu huwa imeshaenea usipoiona.

Kwa kuhifadhi, ihamishe tumbaku kwenye chupa inayofunga barabara, kisha toa ya kutwa moja tu kwenye kikopo cha kutembea nacho. Chupa ikifunguliwa mara moja kwa siku hukaa vizuri hata mwezi wa Mei.

Kuichambua

Tumbaku iliyo sawa kwa maji bado haijawa tayari kwa karatasi. Imeshinikizwa mfukoni, na nyuzi zake zimelala matabaka. Toa kiasi cha msokoto mmoja, gramu 0.5 hadi 0.7, uichane kwa ncha za vidole vya mikono miwili mpaka ijae hewa. Mfuko wa gramu 30 kwa kipimo hicho hutoa misokoto 50 hivi. Ukiona yako haifiki 40, unajaza mno.

Unapochambua, toa vikonyo. Ni vile vijiti vigumu vya mshipa wa jani, vyenye rangi iliyofifia. Kimoja tu kikibaki hutoboa karatasi wakati wa kuviringisha, na hewa huingia ubavuni badala ya kupita kwenye moto. Vikonyo ndivyo vinavyowafanya watu waseme karatasi ni mbovu.

Kisha mikono. Kama umetoka kula viazi karai au bhajia, nawa kwa sabuni. Mafuta huharibu gundi, na rangi ya mabuyu huhamia kwenye karatasi. Jasho lifute kwa kitambaa kikavu kabla tu ya kushika karatasi.

Kusokota, hatua kwa hatua

Kwanza, keti. Simama baadaye, ukishaweza. Upepo uupe mgongo. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hutoka upande mmoja, na kusi ikiingia Aprili hugeuka, kwa hiyo kiti kilichokufaa Januari huenda kisikufae Julai.

Pili, shika karatasi ikiwa imekunjika kidogo katikati kwa urefu, mithili ya mfereji. Gundi iwe kwenye ukingo wa juu, ulio mbali nawe, na upande wake wenye gundi ukutazame wewe. Hili likikosewa, utamaliza kila kitu vizuri kisha ukute gundi iko nje, haishiki kitu. Vidole vya kati viwe chini ya karatasi kama tegemeo, vya shahada nyuma yake, vya gumba mbele.

Tatu, weka filta mwisho mmoja wa mfereji, ifike ukingoni bila kutokeza. Kisha tandaza tumbaku kutoka filta hadi mwisho wa pili. Watu wengi hurundika katikati, na msokoto wao hutoka na kitambi. Fanya kinyume: katikati weka kidogo kuliko unavyofikiri, pembeni ongeza kiasi, kwani ukianza kuviringisha tumbaku hujisogeza yenyewe kuelekea katikati. Pale filta inapokutana na tumbaku pasiwe na pengo. Pengo la milimita mbili hapo hukunjika, na sigara huning'inia.

Nne, na hii ndiyo hatua yenyewe. Bana karatasi na tumbaku kwa wepesi kati ya gumba na shahada za mikono yote miwili, kisha sogeza gumba juu huku shahada ikishuka, halafu gumba chini huku shahada ikipanda. Juu, chini, bila haraka. Karatasi bado iko wazi; hujakunja kitu. Unachofanya ni kuizungusha tumbaku ndani ya mfereji mpaka nyuzi zishikane na kuwa fimbo moja. Mwanzoni utaisikia imejaa mabonde na vilima. Anzia katikati, uende nje, urudi. Baada ya mizunguko kadhaa kuna wakati inabadilika chini ya vidole: inaacha kubonyea hapa na pale, inaanza kuzunguka nzima nzima, na filta inazunguka pamoja nayo. Wakati huo ndio wa kuusubiri. Usiendelee kabla haujafika, hata kama mwenzako ameshawasha yake. Mtu anayetumia nusu dakika hapa hamalizi nusu nyingine akirekebisha.

Kiasi cha kubana ni cha hapahapa pia. Kwenye baraza za Mji wa Kale utawasikia vijana wakiwauliza wazee, "Ami, mbona yangu yazima kila mara?" na jibu huwa lilelile: "Waibana mno, mwanangu. Ilegeze, ipate pumzi." Ami ana haki. Fimbo ya tumbaku iliyoshikana vyema hubonyea kidogo ukiiminya, kisha hurudi. Isiyorudi imelegea, isiyobonyea imekufa.

Tano, kuchomeka. Shusha ukingo wa karatasi ulio upande wako mpaka ulingane na mgongo wa tumbaku, kisha kwa gumba usukume uingie nyuma ya tumbaku, kati yake na ukingo wa mbali. Anzia kwenye filta. Filta ni ngumu na ina mviringo wake, karatasi hapo huingia bila ubishi. Ukishaipata hapo, telezesha gumba la pili kuelekea mwisho na ukingo uliobaki utafuata. Karatasi ikikunjamana, usilazimishe. Rudi hatua ya nne, zungusha mara mbili tatu, jaribu tena.

Sita, viringisha juu mpaka ubaki mstari wa gundi peke yake. Uguse kwa ncha ya ulimi mara moja, kutoka mwisho hadi mwisho, kwa wepesi. Mate mengi huyeyusha utomvu wote na kuuondoa, na karatasi iliyolowa huungua upande mmoja. Malizia kuviringisha, kisha pitisha kidole juu ya mshono kuanzia kwenye filta kwenda mwisho.

Saba, ushike wima, filta chini, ugongegonge mara chache juu ya sinia ili tumbaku ishuke. Nyuzi zilizotokeza zikate kwa mkasi au zirudishe ndani kwa kijiti cha kiberiti. Uache dakika moja mshono ukauke. Mwezi wa Mei uache mbili.

Ikikataa

Moshi usipokuja, mara nyingi ni unyevu au kubana. Usikimbilie kubadili karatasi. Uviringishe taratibu kati ya vidole mpaka ulegee, na safari ijayo ikaushe tumbaku zaidi.

Msokoto ukiungua upande mmoja, tazama upepo kwanza, halafu mate. Kama vyote viko sawa, tumbaku haikutandazwa sawasawa. Unapowasha, uzungushe juu ya moto bila kuvuta mpaka ncha nzima ishike. Kuvuta mapema hukaribisha moto upande mmoja tu.

Kuzimika ukiuweka chini ni kawaida ya sigara ya kusokota, si kasoro. Mshono unaofunguka ni mafuta ya vidole au gundi iliyoyeyushwa na hewa pakitini.

Mwenye vidole vinavyotetemeka, au baridi yabisi, asijitese. Kuna vimashine vidogo vyenye roli mbili na kitambaa cha plastiki katikati. Unatia tumbaku, unazungusha, unaingiza karatasi, unazungusha tena. Kazi yake ni safi. Tumbaku lakini iandae kwa namna ileile, maana mashine haijui kukausha.

Karatasi ya gazeti sitaipendekeza kwa mtu yeyote. Najua hutumika, tena sana, kwa tumbaku ya jani inayouzwa kwa mafungu sokoni. Ni nene, huwaka kwa mwali, na wino wake huingia kifuani pamoja na moshi. Ukurasa wa daftari ni uleule mkosi. Wahindi walipata njia yao katika bidi: jani kavu la mti wa tendu badala ya karatasi, tumbaku kama gramu 0.2 tu, uzi mdogo wa kufungia. Ni ufundi wa mikono wa ajabu na wala haina karatasi, lakini moshi wake ni mkali, na asidhani mtu kwamba jani limeufanya salama.

Adabu na sheria

Ukimsokotea mwenzako, fika hatua ya tano na sehemu ya sita, kisha mpe alambe mwenyewe. Baharia na mvuvi hufanya hivyo bila kuambiwa. Kumpa mtu sigara yenye mate yako, hasa mtu aliyekuzidi umri, ni kumkosea. Usivute karibu na msikiti wala mbele ya watoto, na mchana wa Ramadhani usivute hadharani hata kama wewe hufungi. Hayo Mombasa hayahitaji askari.

Yanayohitaji askari yamo katika Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007. Imepiga marufuku kuvuta katika maeneo ya umma yaliyotajwa, yakiwemo ofisi, hospitali, shule, mikahawa na vyombo vya usafiri wa abiria. Feri ya Likoni na matatu za Kongowea zimo humo. Kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na kumtuma mtoto dukani akuletee rizla ni tabia ya kuacha leo.

Jambo jingine la kivitendo. Karatasi hizi ndizo zinazosokotewa bangi, ambayo ni haramu kwa sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na askari analijua hilo. Tumbaku yako ibebe pamoja na pakiti yake ya asili yenye maandishi. Nyuzi zilizofungwa kwenye kipande cha nailoni, karatasi ndefu pembeni, ni kujitafutia maelezo marefu usiku barabarani.

Moto na vipisi

Sigara ya kusokota hudondosha makaa kuliko ya kiwandani, na ya tumbaku iliyokauka ndiyo hatari zaidi. Pwani yetu ina mapaa ya makuti. Cheche moja wakati wa kaskazi, makuti yakiwa yamekauka na upepo ukisukuma, hupeleka moto nyumba hadi nyumba kabla ndoo ya kwanza haijafika. Chini ya makuti usivute. Kitandani pia usivute, wala kwenye boti yenye dumu la petroli.

Tumbaku na vipisi viwe mbali na watoto wadogo. Kipisi kilichomezwa kina nikotini ya kutosha kumlaza mtoto hospitali. Filta nyingi hutengenezwa kwa selulosi asetati, ambayo ni aina ya plastiki, kwa hiyo inayotupwa ufukweni Nyali au Mama Ngina hukaa hapo miaka. Tia mchanga nusu kopo la maziwa ya unga, uliweke barazani, na vipisi vizamishwe humo mpaka moshi uishe kabisa ndipo vimwagwe jaani.